Fundi Konde, Mwimbaji wa Askari

Msomaji, ukisimama jioni katika ukingo wa mto Tana karibu na Masalani, utasikia sauti za amani tupu: mbuzi wakirudi zizini, watoto wakiteka maji, na adhana ya magharibi. Ni vigumu kusadiki kwamba mto huu uliwahi kuwa mstari wa vita. Italia ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili mwezi wa Juni 1940, majeshi yake yalikuwa jirani, katika Somalia. Majeshi ya Uingereza yakajipanga katika Tana, yakafanya Garissa na Bura kuwa vituo vyao. Mapema mwaka 1941 yaliondoka huko yakasonga mbele. Kismayu ikatwaliwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huo huo.

Miongoni mwa waliopita walikuwamo askari wa Kiafrika wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Vita vilipokwisha huku, havikuwaachia wende zao. Vilihamia mbali, na wao wakavifuata. Maelfu walipakiwa melini kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1944 wakaingia Burma, ambayo leo ni Myanmar, kupigana na Wajapani. Njia yenyewe ilikuwa ya mauti: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu karibu 1,300 wakaangamia, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliofika salama walilipenya bonde la Kabaw katika mvua isiyokoma, matope yakiwafika magotini, homa ikiwapunguza sawasawa na risasi.

Katika bahari hiyo na katika nchi hizo alisafiri pia kijana mmoja wa Kigiriama, aliyechukua gitaa. Jina lake Fundi Konde. Alizaliwa mwaka 1924 katika pwani ya Kenya, na vita vilipopamba moto Burma umri wake ulikuwa miaka ishirini hivi. Aliingia katika kikosi cha burudani cha Keya, kilichoongozwa na Peter Colmore, akapelekwa pamoja na wenzake India, Ceylon na Burma kuwaimbia askari. Ni huyu ninayetaka tumkumbuke leo, lakini si kwa sifa tupu. Sifa bila mizani ni sawa na kumzika mtu mara ya pili. Na tuulize: kazi yake ilikuwa na thamani gani?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza tutazame lugha. Askari wa Keya walitoka katika makabila mengi, na Wajaluo, Wakamba, Wanandi, Waacholi na Wanyamwezi waliweza kukutana katika kikosi kimoja. Kilichowaunganisha ni Kiswahili, lakini Kiswahili gani? Kilikuwa Kiswahili cha amri: simama, geuka, beba, nyamaza, kimbia. Ngeli ziliachwa njiani kama mizigo isiyohitajiwa, na maneno ya adabu yakaachwa pamoja nazo. Mtu aliweza kukaa miaka mitatu katika lugha hiyo, akaielewa barabara, wala asiweze kusema kwayo kwamba amemkumbuka mama yake. Lugha iliyomwunganisha na wenzake ilimnyima njia ya kuwafungulia moyo.

Hapo ndipo ninapoiona kazi kubwa ya Fundi Konde. Aliwaimbia askari katika lugha ile ile iliyowaamrisha, lakini mdomoni mwake haikuwa ya amri tena. Ilikuwa Kiswahili cha pwani, kinachojua kutania, kubembeleza, kulalamika na kujuta. Mtu aliyekuwa akisikia lugha hiyo kutoka kwa sajini tu, sasa aliisikia ikizungumza naye kama ndugu. Nasema kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko furaha ya saa moja. Lilikuwa kumrudishia mtu utu wake kwa njia ya masikio.

Huenda ukaniuliza ushahidi. Nyimbo zake tulizohifadhiwa ni zile alizozitia katika sahani za santuri baada ya vita, hasa kati ya mwaka 1947 na 1956, na kwa hizo ndizo tunaweza kumpima. Chukua ule uitwao Majengo Siendi Tena. Jina lenyewe ni kiapo. Majengo ni mtaa unaojulikana Nairobi, tena Mombasa. Ni mahali pa starehe na pa hasara. Anayesema kwamba haendi tena amekwisha kwenda, amekwisha kuumia, na pengine kesho atarudi. Kila ajuaye viapo vya vijana hutabasamu alisikiapo jina hilo. Sasa litazame neno "siendi" kwa jicho la mtu aliyetoka jeshini. Katika jeshi neno hilo ni kosa la kupelekwa mahakamani. Askari hana "siendi". Ana "ndiyo, bwana" tu. Mwimbaji alilichukua neno lililokatazwa akalifanya kiitikio cha watu huru, mtu akaweza kuliimba kwa sauti kubwa mbele ya rafiki zake. Sidai kwamba alikusudia hivyo. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kuishia katika nia ya mtungaji. Sharti auangalie pia wimbo unavyotenda kazi katika sikio la anayeusikia.

Au chukua Tausi. Mpenzi kufananishwa na ndege ni desturi ya zamani katika ushairi wa Waswahili, na anayetafuta jambo jipya katika mfano huo hatalipata. Uzuri wa wimbo huo umo katika utulivu wake. Sauti haipandi kwa kelele, na gitaa huifuata bila kushindana nayo. Fundi Konde ahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika santuri, na mtu mwenye chombo kipya mkononi hushawishika kuwatambia wenziwe. Yeye hakutamba. Vidole vyake vilijua mengi kuliko alivyovionyesha, na kujizuia huko ni alama ya bwana wa kazi.

Yako maneno ambayo wanafunzi huyasema mara kwa mara, nami nimeyasikia tena na tena: kwamba nyimbo kama hizi ni nyepesi mno, hazina mafumbo mazito, kwa hiyo si sanaa ya kufundishwa shuleni. Wewe usomaye, jihadhari na hukumu hiyo. Ng'ambo ya mto huu huu wa Tana wanakaa Wapokomo. Walikuwa na wimbo wa kumbembeleza mtoto alale, na hakuna wimbo mwepesi kuliko huo. Mwaka 1963, taifa la Kenya lilipotafuta wimbo wake, lahani yake ilichukuliwa kutoka katika bembelezi hilo la Wapokomo. Leo majenerali husimama wima na kupiga saluti kwa sauti iliyowahi kumlaza mtoto. Upande wetu wa mto, wafugaji wa Kisomali wana nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani. Maneno yake ni machache na yanarudiwarudiwa, lakini bila nyimbo hizo mikono huchoka kabla ya ngamia kushiba maji. Wimbo mwepesi huweza kubeba mzigo mzito. Tena kumbuka kwamba Fundi Konde aliimbia watu ambao kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Alipaswa kueleweka na wote bila kuidunisha lugha. Wepesi wa namna hiyo hupatikana kwa jasho.

Sasa tuifikie shutuma iliyo nzito kuliko zote, wala tusiikwepe. Yuko atakayesema: mtu huyu aliimba katika jeshi la mkoloni, na kazi ya kikosi cha burudani ilikuwa kuwachangamsha watu ili kesho warudi kufa katika vita visivyokuwa vyao. Na hapa kwetu shutuma hiyo ina uchungu wa peke yake. Kaskazini Mashariki ilikaa chini ya sheria za hali ya hatari miaka mingi baada ya uhuru, hadi mwaka 1991, na kwa wazee wengi neno askari si neno la kuimbiwa. Kwa nini basi mtoto wa Masalani ampende mwimbaji wa askari?

Nakubali sehemu ya kwanza ya shutuma. Maofisa walikuwa na hesabu yao: askari aliyecheka hupigana vizuri kuliko askari aliyenuna. Nakubali pia kwamba askari wa Kiafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko mwenzake Mzungu, na kwamba alitumwa kuulinda uhuru wa watu wengine hali yeye mwenyewe kwao hakuwa na kura. Mfananishe Fundi Konde na Vera Lynn, mwimbaji wa Kiingereza aliyefika Burma mwaka 1944 kuwaimbia askari wa nchi yake. Bibi huyo aliwakumbusha wasikilizaji wake nyumbani, nao walijua kwamba nyumba hiyo ni yao. Taifa lake lilimheshimu mpaka alipofariki mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 103. Fundi Konde naye aliwakumbusha watu nyumbani, lakini nyumba hiyo ilikuwa chini ya bendera ya mwingine. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa ngumu maradufu: kuwafariji watu kwa kuwataja wapenzi wao na mitaa yao, wakati ambapo sheria haikuitambua nchi hiyo kuwa yao.

Na hapa ndipo ninapoachana na mshutumu. Aliyemlipa mwimbaji aliweza kumpangia siku na jukwaa, lakini hakuweza kumpangia msikilizaji atakachokifikiri wimbo ukimwingia. Askari anayekumbushwa kwamba ana mama, ana mchumba na ana mtaa wake, amekumbushwa kwamba yeye si namba. Na mtu aliyekwisha kujijua kuwa si namba hakubali kwa urahisi kurudishwa katika namba. Wakenya karibu 98,000 walitumikia jeshi katika vita hivyo, na wengi walirudi wakiwa na maswali ambayo hawakuondoka nayo. Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizowapa maswali hayo. Nasema tu kwamba ziliutunza moyo wa kuyaulizia.

Lakini nimeahidi mizani, basi na upande wa pili upate haki yake. Nyimbo zake zijulikanazo zaidi hazisimulii vita. Bonde la Kabaw halimo, wala mvua yake, wala wale walioachwa katika makaburi ya Burma. Mtu aliyeona mengi kiasi kile alituachia mapenzi, mitaa na majuto ya kawaida. Ninalihesabu hilo kuwa pengo. Tungekuwa matajiri zaidi kama angalitutungia hata wimbo mmoja wa yale aliyoyaona. Huenda waliorudi hawakutaka kukumbushwa, na mwimbaji mwenye huruma hapigi pale penye jeraha. Hata hivyo pengo ni pengo, na kazi ya kulijaza imeachiwa kizazi kingine, pengine chako.

Baada ya vita baadhi ya wanamuziki wa kikosi kile walianzisha bendi iliyoitwa Rhino Boys, na muziki waliojifunza katika safari zao ukaenea katika miji ya Afrika ya Mashariki. Fundi Konde mwenyewe alivuma katika santuri, kisha akanyamaza kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 nyimbo zake za zamani zilikusanywa na kutolewa upya, na vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa wakati wa vita wakazisikia kwa mara ya kwanza. Alifariki tarehe 29 Juni 2000. Jeshi la Keya lilikuwa limekwisha kuvunjwa zamani, na bendera yake imeshushwa. Nyimbo bado zaimbwa.

Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, kijana wa Ijara ameyazoea magari ya jeshi barabarani. Siku moja utakapoyaona yakipita, msomaji, watazame vijana waliokaa nyuma. Wanazungumza Kiswahili cha amri, kama babu zao wa Keya. Mmoja wao pengine ana wimbo katika simu yake, na anausikiliza kwa sikio moja huku la pili likimngoja sajini. Hujui wimbo gani, wala huna haja ya kujua. Ukirudi nyumbani, utafute Tausi, uusikilize mara mbili: kwanza kama kijana wa leo, kisha kama mtu aliyelala katika hema linalovuja, mbali na kwao. Kisha utoe hukumu yako mwenyewe juu ya Fundi Konde, uiandike, na umsomee mzee mmoja anayevikumbuka vita vyovyote. Atakusahihisha, nawe utakuwa umejifunza uhakiki.