Faili mbili, ugomvi mmoja

Mnunuzi amelipa nusu ya bei ya ploti Kilifi, muuzaji hataki kumhamishia hati miliki. Mnunuzi anakwenda mahakamani kuidai. Miezi mitatu baadaye muuzaji naye anafungua kesi yake: huyo bwana ni mvamizi, aondolewe. Mfano nimeutunga, ila makarani wa masijala wanaujua.

Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za madai, Sura ya 21, ina vifungu viwili vinavyofuatana kuhusu jambo hili, na mawakili huvichanganya. Kifungu cha 6 kinahusu kesi mbili ambazo zote hazijaamuliwa: iliyofunguliwa baadaye inasimama, inangoja ya kwanza. Inasimama tu, haifi. Kwa hiyo anayetaja kifungu hiki akiomba kesi ifutiliwe mbali amebisha mlango usio wake. Kinachoua ni kifungu cha 7: ugomvi ukishaamuliwa na mahakama yenye mamlaka, haurudi tena.

Ili kujua kama ugomvi ni mmoja, jaji hatazami kichwa cha kesi. Anaweka hati mbili za madai sambamba mezani, anashuka hadi aya za mwisho zenye nafuu zinazoombwa, kisha anapanda juu kutafuta swali ambalo lazima lijibiwe kwanza. Kwa ploti yetu swali ni moja: je, mkataba wa mauzo bado una nguvu? Kwamba mtu ni mdai huku na mdaiwa kule si hoja. Kubadilisha majina nako hakusaidii, kwani mrithi anayedai kupitia kwa mhusika anafungwa vilevile.

Ningekuwa mimi jaji, kesi hizi mbili ningeziunganisha badala ya kuisimamisha moja. Mashahidi ni walewale, mkataba ni uleule, na kesi ya muuzaji kwa kweli ni madai kinzani yaliyotiwa kwenye faili mpya. Faili moja inateuliwa kuwa kuu, ushahidi unarekodiwa humo, hukumu inatoka moja.

Penye mtego hasa ni Maelezo ya Nne ya kifungu cha 7. Tuseme mnunuzi ameshindwa, na wakili mpya anamshauri sasa adai arudishiwe pesa zake. Atajitetea kwamba pesa hazikuzungumzwa kabisa katika kesi ya kwanza. Hapo ndipo anaponaswa: jambo lililoweza na lililopaswa kuletwa wakati ule huhesabiwa kuwa lililetwa. Wazo hili lilitamkwa Uingereza mwaka 1843 katika Henderson v Henderson. Katika kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo, Amri ya 3, kanuni ya 4, inakaza fundo: nafuu uliyoiacha bila idhini ya mahakama huwezi kuifungulia kesi nyingine. Ni kali, nakubali, hasa kwa aliyeponzwa na wakili mzembe. Na kukimbilia Katiba si njia ya kupenyea. Mwaka 2021, katika shauri la John Florence Maritime Services, Mahakama ya Juu ilisema katazo la kifungu cha 7 linagusa pia mashauri ya kikatiba.

Amri ya 4 ya kanuni hizo inataka hati ya madai itamke kwamba hakuna kesi nyingine, inayoendelea au iliyopita, kati ya watu haohao juu ya jambo hilohilo, na mdai aithibitishe hati hiyo kwa kiapo. Ni aya fupi, na wengi hutia sahihi bila kuisoma. Wewe isome, na kama kesi nyingine ipo, mpe wakili wako namba yake kabla hujaapa.