Koo Lililofunzwa na Wengi

Albamu ya kwanza ya X Plastaz, kundi la hip hop la Arusha, iitwayo Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na OutHere Records, lebo huru ya Ujerumani. Waliokuwa wakiufuatilia muziki wa Arusha miaka ile huikumbuka kwa mistari ya Faza Nelly, Gsan na Ziggy. Mimi huirudia kwa sababu ya Merege, mwimbaji wa Kimaasai aliyepanda jukwaani na shuka lake na kuimba Kimaa juu ya biti. Nasema bila kusita: katika albamu ile, hakuna aliyeingia na shule ya sauti kubwa kuliko yake.

Akitajwa mwimbaji aliyesomea sauti, watu huwaza piano, mwalimu na cheti. Shule hiyo tunayo. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River, hutoa shahada ya muziki, na kwaya za Kilutheri zimezoeza vizazi vya watu wa Meru na Arusha kuimba sauti nne, kila mmoja akiishika yake hata jirani akiyumba. Naiheshimu sana. Ila huku Olasiti, ambako nyumba za jiji zinazidi kusogea kuelekea Kisongo na Kimaa bado kinasikika barabarani, mtu hawezi kusahau kwamba ipo shule nyingine, isiyo na daftari, na masharti yake ni makali vilevile.

Wimbo wa morani hauna ngoma. Pembe ya tandala hupulizwa kwenye sherehe chache. Mengine yote hutoka kooni. Kundi huweka mdundo kwa pumzi, mkoromo mzito wa kifuani unaokatika na kurudi kwa zamu, huyu akitoa hewa yule akivuta, mpaka usikiaye usijue sauti ipi ni ya nani. Shingo nayo imo kazini: kichwa huenda mbele pumzi inapotoka, hurudi nyuma inapoingia. Mtalii huyaita hayo kucheza. Ukisimama karibu unaona kwamba mwili mzima unapima hewa. Juu ya mkoromo huo husimama olaranyani, anayetoa mstari na kupokewa na wenzake. Kwa kawaida huwa ni yule anayeuweza wimbo ule kuliko wengine, na wimbo ukibadilika, kiongozi naye anaweza kubadilika.

Hakuna anayeanzia hapo. Kijana husikiliza kwanza, kisha huingia kwenye mkoromo, na huko ndiko anakonyooshwa, kwa kuwa ukiwahi pumzi moja wimbo wote unatetereka na kila mtu anajua ni nani. Koo linalopita mikono ya watu wengi namna hiyo kabla ya kuruhusiwa kuongoza, mimi naliita koo lililosoma.

Sasa mchukue mtu wa shule hiyo, umweke mbele ya kipaza sauti. Ngoma imeshapigwa na mashine. Haichoki, wala haimsubiri avute hewa. Biti ya hip hop hukata kila kitu kwa nne. Waliokuwa wakimpokea hawapo, na badala yao wapo wachanaji wa Kiswahili wanaongoja zamu. Hapo ndipo wengi hupotea. Ama mwimbaji hulainisha sauti ili ifanane na za redioni, ama hufanywa pambo: kelele mbili tatu za mwanzo wa wimbo, msikilizaji ajue kwamba hapa ni Afrika, kisha basi. Merege hakulainisha. Ukali wa koo ulibaki, mkoromo ukabaki, na mistari ya wenzake ikapata kitu kizito cha kukalia. Mtu aliyezoea kuwa mdundo kwa pumzi zake mwenyewe hawezi kuiogopa mashine ya ngoma. Wanafanya kazi moja.

Afrika Mashariki imewahi kuliona jambo hili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikwenda na sauti iliyokwisha kunyooshwa Zanzibar, na akaimba kwa Kiswahili mbele ya chombo kigeni bila kuipunguza.

Najua shaka inayoweza kuletwa: shuka jukwaani, jina lile la albamu, soko la Ulaya. Shaka hiyo ina haki yake, na Mmaasai ameuzwa kwenye kadi za posta vya kutosha. Lakini picha ndiyo inayouzwa kirahisi. Pumzi haidanganyi, na katika nyimbo zile pumzi ni ya mtu anayejua kazi.

Faza Nelly alifariki mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsan alichana kwa Kiswahili kwenye tuzo za hip hop za BET, Marekani, na Arusha ikajivuna, kwa haki kabisa. Hayo yanasimuliwa. Mchango wa Merege hutajwa kama rangi tu, na hilo linaniuma, kwa sababu njia aliyoifungua ingali wazi na wapitao ni wachache. Prodyuza wa Arusha anayetaka sauti ya Kimaasai leo anaweza kuikata kutoka kwenye rekodi ya zamani bila kumwita mwenye koo studio. Ninayoitamani mimi ni albamu iliyopangwa kinyume: olaranyani aongoze tangu wimbo wa kwanza, alipwe kama kiongozi, mashine ya ngoma izimwe pale morani wanapojitosheleza, na wachanaji ndio wawe waitikiaji.