Espreso ya Mtaani: Maji Kwanza, Mashine Baadaye

Kijitabu kinachokuja na mashine ya espreso kutoka Italia huwa na maelekezo mafupi: gramu 18 za kahawa iliyosagwa, gramu 36 za kinywaji kikombeni, sekunde 25 hadi 30, shinikizo la bari 9, maji ya nyuzijoto 93. Yafuate neno kwa neno ukiwa jikoni Umoja au Donholm, Eastlands ya Nairobi, kwa punje za Nyeri zilizokaangwa juujuu, na mara nyingi utaambulia moja kati ya mawili. Ama kahawa kali ya kukunja uso, ama kahawa iliyopooza, isiyo na uhai, inayoacha ladha ya chaki ulimini. Hapo wengi huilaumu mashine na kuanza kuweka akiba ya kununua kubwa zaidi. Mimi nashikilia kwamba mashine ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Maelekezo yale hayana kosa, ila yalitungiwa kahawa nyingine. Achille Gaggia aliomba hataza yake ya mashine ya kahawa kule Milano mwaka wa 1938, na baada ya vita wenzo wake wa springi ukaingia katika baa za Italia, ukaleta shinikizo la kutosha kutoa lile povu la rangi ya dhahabu. Kahawa iliyopita humo kwa kawaida ilikuwa mchanganyiko uliokaangwa hadi kukaribia weusi: arabika ya Brazili yenye uchachu mdogo, na mara nyingi robusta kidogo kwa ajili ya povu na uzito. Punje iliyokaangwa hivyo imelegea, ina matundu ndani, maji hupenya na kutoka na ladha yake upesi.

Ya kwetu ni kinyume chake. Mwaka wa 1931, afisa wa kahawa wa Scott Laboratories ya Kabete, A. D. Trench, alizuru Tanganyika akaona mikahawa iliyokuwa ikistahimili ukame. Katika mbegu za mikahawa hiyo ulichaguliwa mti mmoja uliozaa aina ya SL28. Ndugu yake, SL34, alitoka kwenye mti mmoja wa shamba la Loresho, hapa hapa Nairobi. Hadi leo hizo mbili ndizo zinazoipa kahawa ya Nyeri na Kirinyaga sifa yake. Huiva polepole kwenye baridi ya milimani, punje inakuwa nzito na ngumu, na uchachu wake ni wa matunda hasa. Waonjaji wa ng'ambo huutaja kwa jina la tunda ambalo halioti kwetu, lakini mtoto yeyote wa Eastlands aliyekunywa Fanta Blackcurrant anaijua harufu hiyo. Espreso hukusanya kila kitu katika vijiko vichache vya kinywaji. Uchachu unaopendeza kwenye kikombe kikubwa, hapa unakuja na nguvu mara nyingi zaidi. Basi kazi yote ni kumsaidia huyu mgumu atoe na utamu wake, usije uchachu peke yake.

Anza na moto. Uwanja wa ndege wa JKIA, jirani yetu wa Embakasi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa imepungua uzito, na maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 na nusu hivi. Ndiyo maana maharagwe hukawia kuiva Nairobi kuliko Mombasa. Vitabu vya kahawa husema maji yakishachemka yaache yatulie kwa nusu dakika. Ushauri huo ni wa mtu wa pwani, ambaye maji yake yamefika 100. Ukiufuata Kayole, maji yatafika kwenye kahawa yakiwa chini ya 90, na punje ngumu ya SL28 haifunguki kwa joto hilo: inaachia asidi, ambazo hutoka mapema, na kuubakiza utamu ndani.

Ninayotumia mimi ni mashine ya mkono: wenzo mrefu, pistoni, na silinda ya chuma cha pua. Haina waya. Stima ikipotea, kahawa inaendelea, na tokeni haziliwi na kitu kinachohitaji nusu saa ya kupata moto. Udhaifu wake ni kwamba chuma baridi hunyonya joto la maji papo hapo. Kwa hiyo silinda huzamishwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka juu ya meko kwa dakika tatu au nne, inatolewa kwa koleo, inafungwa, na maji yanamiminwa yakiwa bado yanatokota. Hakuna kusubiri hata kidogo. Kimo chetu kimetupangia joto linalofaa kabisa kwa kahawa yetu, mradi lisipotee njiani.

Mwenye mashine ya umeme yenye boila ya mvuke naye ana jambo lake la kuangalia. Geji yake husoma shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje. Bari 1 kwenye geji Mombasa ni takriban nyuzijoto 120 ndani ya boila. Bari 1 hiyo hiyo Nairobi ni kama 117 na nusu, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Kama mashine yako hupasha maji ya kahawa kwa bomba lililopita ndani ya boila hiyo, pandisha shinikizo lake kidogo.

Lakini kwa maoni yangu, linaloharibu vikombe vingi zaidi Eastlands ni maji.

Maji ya mfereji wa Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, yakisaidiwa na Sasumua na mengine, karibu yote yakiteremka kutoka milima ya Aberdare. Ni maji laini, yenye madini machache, na kwa kahawa ni baraka. Shida ni kwamba mfereji una siku zake. Siku nyingine tangi la ploti hujazwa maji ya kisima cha kuchimbwa, na mwenye nyumba halazimiki kukuambia yamebadilika lini. Visima virefu vya Nairobi hupita kwenye miamba ya volkano, na maji yake mara nyingi huwa na sodiamu bikaboneti kwa wingi, pamoja na floraidi, ambayo visima kadhaa huivusha kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani.

Bikaboneti ni jamaa wa karibu wa magadi, yale yale yanayotiwa kwenye maharagwe ili yalainike. Kazi yake ni kuua asidi. Unachukua kahawa ambayo thamani yake yote iko kwenye uchachu wa matunda, ukaichuja kwa maji yenye magadi, na ule uchachu unazimwa kabla haujafika kinywani. Hapo ndipo chaki inapotoka. Hatari ni kwamba maji haya hayajitangazi. Utando mweupe ndani ya birika ni kazi ya kalsiamu, na maji ya sodiamu yanaweza kuwa na kalsiamu ndogo sana. Birika linabaki safi, unaamini maji ni mazuri, huku ukibadilisha kinu, ukibadilisha punje, ukimlaumu mkaangaji.

Wataalamu wa kahawa hulenga uwezo wa kuzima asidi wa kama miligramu 40 kwa lita, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Kipimo rahisi cha kuujua ni kile cha matone wanachouziwa wafugaji wa samaki wa mapambo: unahesabu matone hadi rangi igeuke, na kila tone ni takriban miligramu 18. Maji ya mfereji hugeuka upesi. Ya kisima unaweza kutia matone hadi ukachoka. Kama huna kipimo, chuja kahawa ile ile kwa maji mawili, vikombe viwe kando kwa kando, uonje vikiwa vuguvugu. Ulimi utakuambia.

Dawa ipo mtaani. Maduka ya kujaza maji yaliyosafishwa yameenea kila esteti, na mengi husukuma maji kwenye utando unaozuia karibu madini yote. Maji hayo yakiwa peke yake hutoa kahawa nyembamba na kali, kwani kalsiamu na magnesiamu kidogo husaidia kuvuta ladha, na bikaboneti kidogo huupa uchachu adabu. Kwa hiyo changanya. Tuseme kisima chako kimesoma miligramu 300: sehemu moja ya kisima kwa sehemu tano za maji ya dukani itakushusha hadi 50, na floraidi imepungua vilevile. Siku za mfereji, tumia mfereji, lakini yaache maji wazi usiku kucha au yapitishe kwenye mkaa wa kuchujia ili harufu ya klorini itoke. Jaza mtungi mmoja, uandike tarehe, uutumie kwa kahawa tu. Hakuna mabadiliko ya bei ndogo kiasi hiki yanayozaa tofauti kubwa kama hii.

Baada ya maji ni kinu. Punje ngumu za Kenya zilizokaangwa juujuu hukitesa kinu dhaifu: meno yanayumba, unapata vumbi na changarawe kwa pamoja, vumbi likatoa uchungu na changarawe uchachu katika kikombe kimoja. Kile cha visu vinavyozunguka kama vya blenda hakifai kabisa kwa espreso. Cha mkono chenye meno ya chuma yaliyokazwa vizuri kinatosha, ingawa mkono utachoka. Tia tone la maji kwenye punje kabla ya kusaga ili vumbi lisirukeruke, kisha koroga kahawa ndani ya kichujio kwa sindano nyembamba kadhaa zilizochomekwa kwenye kizibo, ili mabonge yavunjike.

Halafu kuna kishindilio, na hapa nataka kukaa kidogo. Kile cha plastiki kinachokuja na mashine huwa na upana wa milimita 57 hivi, wakati kichujio kwa ndani ni 58 na nusu. Tofauti inaonekana si kitu. Ukipiga hesabu ya eneo, karibu asilimia 5 ya uso wa kahawa haikuguswa, na yote iko ukingoni. Maji yenye shinikizo hayana subira. Hutafuta palipolegea, yakatoboa njia pembeni, na katikati kukabaki kahawa ambayo haijatoa kitu. Ukiitazama keki iliyotumika utaona duara la rangi ya majani makavu kandokando.

Kariobangi Light Industries wapo mafundi wa kukereza chuma wanaoweza kukutengenezea kishindilio kinachoenea sawasawa. Usiende na kipimo cha karatasi, nenda na kichujio chenyewe. Mwombe akipime kwa kalipa sehemu tatu, juu, katikati na chini, kwa maana vingine vimepungua kuelekea chini. Agiza chuma cha pua, milimita 58.3. Ukikaza zaidi ya hapo kishindilio hunyonya hewa unapokiinua na kuipasua kahawa uliyoishindilia. Ukingo ubaki na kona, usizungushwe. Kabla ya kulipa, kiweke juu ya kioo na umulike taa ya simu kwa nyuma: mwanga ukipenya chini yake, kirudi kwenye mashine ya kukereza. Kipande hicho kimoja cha chuma kimenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kutamani dirishani mwa duka la Westlands.

Sasa vipimo vyenyewe. Naweka gramu 17, nikipima kwa ile mizani ndogo ya sonara inayouzwa Luthuli Avenue, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Wenzo naushusha polepole hadi matone ya kwanza yatokeze, kwa bari 2 hivi, sekunde 8 hadi 10, ili kahawa ilowe yote. Kisha napandisha hadi 8, na inapoelekea mwisho naachia hadi 6. Kikombeni nataka gramu 42 hadi 45, si 36, na muda wote ni kama sekunde 35. Mtaliano wa zamani atasema imerefushwa mno. Kwa punje za Brazili zilizokaangwa sana angekuwa na haki. Kwa SL28 zile gramu za mwisho ndizo zinazobeba sukari ya kusawazisha uchachu, na ukizikata unakata utamu. Ikiwa bado inauma pembeni mwa ulimi, saga laini zaidi kabla ya kugusa kingine chochote. Ikikausha kinywa, legeza kinu.

Upande wa punje, mfuko ukionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi bila tarehe ya kukaangwa, uache rafuni. Kahawa iliyokaangwa jana nayo haifai bado: hewa ya kaboni iliyomo husukuma maji na kuvuruga mkondo. Siku 10 hadi wiki 3 baada ya kukaangwa ndipo inakaa sawa. Na usidanganywe na herufi. AA ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekeche la milimita 7.2. Haisemi lolote kuhusu shamba, kukaushwa wala ladha. Katika mnada wa Nairobi Coffee Exchange, pale Wakulima House, mwendo mfupi wa matatu kutoka Jogoo Road, AA hupewa bei ya juu kwa sababu wanunuzi wa nje wanaitaka kwa jina. AB ya kiwanda kile kile, ya msimu ule ule, imetoka kwenye miti ile ile na mara nyingi hutaitofautisha kikombeni. Muulize mkaangaji kama anayo, na pesa utakazookoa zipeleke kwenye kinu.