Kidude cha Funguo na Simu za Wapita Njia

Fundi wa Nyakato, jijini Mwanza, anayetaka kutengeneza kidude cha kutafutia funguo zilizopotea hana sababu ya kuwaza setilaiti. Kipokezi cha GPS kinakula umeme na kinataka kuiona anga. Hata kikishajua kilipo, bado kinahitaji laini ya simu na salio la kumjulisha mwenyewe. Ndiyo maana vifaa vya GPS vinavyofungwa kwenye bodaboda hunyonya betri ya pikipiki yenyewe. Funguo hazina pa kunyonya. Zina nafasi ya kidonge kimoja cha CR2032, kile kile cha rimoti ya gari.

Kazi yote inaanzia kwenye kidonge hicho. Kina takriban miliampia-saa 220, na mwaka una saa 8,760. Ukigawanya, kidude kinachotakiwa kuishi mwaka mzima kiruhusiwe kula wastani wa maikroampia 25, basi. Chipu ya ESP32, kipenzi cha wanafunzi wa elektroniki kwa sababu ni rahisi kununua na rahisi kuandikia programu, inaanguka hapo hapo: redio yake ikiwaka huvuta zaidi ya miliampia 100, mzigo ambao kidonge hakiwezi hata kuusukuma. Chipu kama nRF51822 ya kampuni ya Nordic ya Norwei ina tabia nyingine. Inalala ikila maikroampia chache, inaamka kila baada ya sekunde mbili, inatoa tangazo la Bluetooth la milisekunde tatu hivi kwa miliampia kumi, kisha inarudi kulala. Hesabu ya haraka inaleta wastani wa maikroampia 18. Kapasita ndogo ikiwekwa karibu na chipu, ile mivuto ya ghafla haikichoshi kidonge.

Kwa hiyo umeme si tatizo tena, na bei ya vipuri si tatizo kubwa. Tatizo ni nani atakayelisikia tangazo.

Kampuni ya Tile ya Marekani ililijua jambo hili mapema. Mwaka 2013 ilichangisha zaidi ya dola milioni mbili kwa watu walioagiza kidude kabla hakijatengenezwa. Toleo la kwanza lilizibwa kabisa: betri ikifa baada ya mwaka hivi, unanunua kingine. Wengi walilalamikia hilo, lakini udhaifu mkubwa ulikuwa kwingine. Tile iliyodondoka barabarani ilisikika tu na simu ya mtu mwingine aliyeweka programu ya Tile. Katika mji ambao hakuna mwenye programu hiyo, kidude kinalia peke yake.

Apple ilizunguka kikwazo hicho mwaka 2019 kwa kuzifanya iPhone zote ziwe masikio bila wenyewe kuombwa kupakua chochote. Simu ikisikia tangazo la kifaa kilichopotea, inachukua mahali ilipo yenyewe, inaufunga ujumbe kwa ufunguo wa wazi uliomo ndani ya tangazo, na kuupeleka kwenye seva za Apple. Mwenye kifaa peke yake ndiye ana ufunguo wa siri wa kuufungua. Apple haioni funguo zako ziko wapi, na aliyepita karibu nazo hajui kama amesaidia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, waliufungua mfumo huo kipande kwa kipande, na Machi 2021, muda mfupi kabla ya AirTag, kidude cha Apple chenyewe, kuingia sokoni kwa dola 29, wakatoa OpenHaystack: programu ya bure ya kugeuza chipu ya bei chee kuwa kidude kinachosikika na iPhone za dunia nzima.

Kilichomo ndani kinastahili kutazamwa kwa karibu. Tangazo la Bluetooth la aina hii lina nafasi ya baiti 31 tu. Ufunguo wa wazi wa Apple una baiti 28, na vichwa vya lazima vya ujumbe, pamoja na alama ya kampuni, vinakula tisa. Jumla 37, haviingii. Wahandisi wa Apple wakachukua baiti sita za mwanzo za ufunguo na kuzivisha joho la anwani ya kifaa, ambayo ingetangazwa kwa vyovyote vile. Zikabaki baiti 22, na 22 kujumlisha tisa ni 31 kamili. Lakini anwani ya aina hiyo inalazimishwa na kanuni za Bluetooth kuanza na biti mbili za moja. Biti mbili halisi za ufunguo zilizofukuzwa zikapewa kikao ndani ya mojawapo ya zile baiti tisa. Hakuna biti ya ufunguo iliyopotea. Huu ni ubahili wa kusifiwa.

Watafiti wa Darmstadt hawakuvunja kufuli lolote la siri hapo. Kwa kuwa Apple ilijizuia kwa makusudi kujua ripoti ni ya nani, seva zake hazikuwa na njia ya kukitambua kifaa kisicho chake. Ulinzi wa faragha ndio ulioacha mlango wazi kwa mgeni.

Sasa turudi Nyakato, kwenye barabara ya Musoma. Mwanafunzi au fundi wa karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, anaweza kuijaza OpenHaystack kwenye chipu siku hiyo hiyo, lakini kusoma ripoti katika toleo la mwanzo kulihitaji kompyuta ya Mac, na kusikika kunahitaji iPhone zipite. Mikononi mwa abiria wa daladala kuna Tecno, Infinix, itel na viswaswadu vingi. Mtandao unaofaa hapa ni ule wa Android, uliozinduliwa na Google Aprili 2024 kwa simu za Android 9 na kuendelea.

Nao una sharti lake. Kwa mpangilio wa kawaida, mahali pa kitu hutolewa pale tu simu kadhaa zinapokuwa zimekisikia, ili simu moja isimfichue mwenyewe alipo. Stendi ya Nyamhongolo au sokoni, simu hizo zipo. Kwenye njia ya miguu kati ya mawe ya mlimani, jioni, anapita mtu mmoja, na huyo mmoja amezima Bluetooth na lokesheni ili betri imfikishe kesho. Mtumiaji anaweza kubadili mpangilio ili simu yake isaidie hata penye watu wachache, ila ni nani aliyewahi kufika kwenye ukurasa huo wa mipangilio? Faragha hiyo ina haki yake, lakini gharama yake inalipwa zaidi na mitaa iliyo kimya.

Mawimbi nayo hayana huruma. Bluetooth iko kwenye gigahezi 2.4, urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, na antena inachorwa juu ya bodi yenyewe. Rundo la funguo za chuma likilala juu ya antena, linaivuruga. Kuta za bati za kibanda zinarudisha mawimbi ndani. Mwili wa binadamu na kreti ya sangara, vyote maji kwa sehemu kubwa, vinayameza. Mbunifu mwenye akili ataiweka antena mbali na tundu la kamba ya funguo na kuacha sehemu yake ya bodi bila shaba. Pia hataacha spika ndogo, kwa sababu mita chache za mwisho hupatikana kwa sikio.

Spika ina kazi nyingine: kumshtua mtu anayefuatwa bila kujua. Kidude kinachofuata funguo kinaweza kutupwa kwenye pochi ya mwanamke ili afuatwe yeye. Mwaka 2022 kampuni ya Positive Security ya Berlin ilionyesha nakala ya AirTag isiyo na spika, inayobadilisha zaidi ya funguo za wazi 2,000 ili ionekane kila mara kama kifaa kipya. Maonyo ya iPhone hayakuinasa. Mei 2024 Apple na Google zilianza kutoa onyo la pamoja katika iOS na Android, ila vidude vya kujiundia haviwajibiki kuufuata utaratibu huo.

Mvuvi anayeibiwa mashine ya boti ziwani hasaidiwi na lolote kati ya haya, kwani katikati ya maji hakuna mpita njia. Kwake inafaa redio ya LoRa, inayofika kilomita nyingi kwa umeme kidogo. Shirika la Smart Parks la Uholanzi limeitumia katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. LoRa haiazimi simu ya mtu. Inataka vipokezi vyake yenyewe vilivyofungwa mahali pa juu, na milima ya mawe ya Mwanza inatazama ziwa moja kwa moja.