Ukuta na Kanga: Uchaguzi wa Rangi katika Nyumba Zetu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na michezo ya kuigiza. Hayo yote ni mali yetu, na ni haki yatajwe. Lakini mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Na roho haikai jukwaani peke yake. Hukaa pia sebuleni, mahali ambapo mgeni hukaribishwa, watoto husoma jioni, na wazee huzungumza mambo ya ukoo. Kwa hiyo chumba nacho chafaa kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi, kwa kuuliza kila kilichomo kimewekwa kwa sababu gani, na kinasaidianaje na jirani yake.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja tu la chumba, nalo ni uhusiano kati ya rangi ya ukuta na nguo zenye nakshi, hasa kanga na vitenge, zinazotumika kuwa mapazia, foronya, shuka na vitambaa vya meza. Maoni yetu ni kwamba nguo ndiyo iliyopasa kuchaguliwa kwanza, na ukuta uifuate. Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume, na hasara inayotokea si ya macho tu.

Tuanze na mfano ambao msomaji atautambua mara moja. Ukuta wa sebule umepakwa rangi ya mafuta ya kijani kilichokolea tangu sakafuni hadi kufikia kifuani, na juu yake rangi ya waridi hadi darini. Dirishani pana pazia la kitenge chenye maua makubwa mekundu na manjano. Viti vina mito ya kanga za zambarau, na juu ya mito hiyo vimetandikwa vitambaa vya kufuma vyenye nyuzi za rangi ya chungwa. Chini pana mkeka wa ukindu uliotiwa rangi tatu. Ukikitazama kila kitu peke yake, huoni kosa. Kitenge ni kizuri, kanga ni nzuri, na mkeka ni kazi ya mikono yenye ustadi mkubwa. Lakini ukikaa chumbani humo kwa muda wa saa moja, macho huchoka. Ni kama baraza ambalo wote wanasema kwa pamoja na hakuna anayesikiliza.

Chanzo cha hali hiyo si ukosefu wa ladha, kama wanavyodhani wengine. Chanzo chake ni kwamba chumba kimoja kimeamuliwa na watu wawili wasioshauriana. Mara nyingi baba ndiye anayenunua rangi, akipatana na fundi juu ya bei ya makopo na siku za kazi. Mama ndiye anayenunua nguo. Fundi akija huuliza, “Mzee, tupake rangi gani?” Mwenye kuijua nguo haulizwi. Na ajabu ni kwamba yeye ndiye mwenye elimu ya rangi katika nyumba hiyo. Mwanamke anayesimama dukani akikunjua doti moja baada ya nyingine, akikataa hii kwa kuwa wekundu wake umezidi, na ile kwa kuwa pindo lake limeumeza mji, anafanya kazi ya uhakiki. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni, na kwa sababu hiyo tumeizoea hata hatuioni.

Yafaa tukumbuke jinsi kanga ilivyoundwa. Ina pindo lililoizunguka pande zote nne. Ina mji katikati. Na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa mbili mbili, yaani kwa doti. Pindo hufanya kazi ya fremu, hivyo kanga ni picha iliyokwisha kukamilika kabla haijafika nyumbani. Ichukueni kisutu, kanga ya harusi inayojulikana pwani yote kwa rangi zake tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe. Weupe wake mdogo ndio unaofanya wekundu uonekane. Sasa iwekeni kisutu hiyo mbele ya ukuta wa kijani kinachong’aa. Wekundu na kijani, zikikutana zote zimekolea, hushindana hata mpaka ulio kati yao ukaonekana kama unatetemeka. Tena rangi ya mafuta hurudisha mwanga. Na katika nchi yenye jua kali kama yetu, mwanga unaogonga ukuta wa kijani huchukua ukijani huo na kuumwaga juu ya nguo. Weupe wa kisutu hubadilika ukawa na uchafu fulani usiotoka kwa kufuliwa. Aliyeichagua kanga dukani hakuichagua hiyo anayoiona nyumbani.

Wazee wetu wa pwani walilitambua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, ambayo yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuruhusu chumba kuwa na upana mkubwa kupita mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na mwanga ulihitaji kusaidiwa ufike ndani. Chokaa nyeupe iliusambaza mwanga bila kuung’arisha. Tena chokaa huuacha ukuta upumue, unyevu uingie na kutoka, ilhali rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ukuta wa namna hiyo huufungia unyevu ndani, kisha hubambuka. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 tunaona zidaka zilizochongwa katika lipu nyeupe, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kauri na vitu vingine vya thamani. Nakshi ya ukuta ilikuwa ya kivuli, si ya rangi. Rangi iliachiwa vyombo, mikeka, nguo, na watu wenyewe waliovaa nguo hizo. Weupe ule, basi, ulikuwa uamuzi wa watu waliojua wanachokifanya.

Hapa tunatazamia pingamizi. Wako watakaosema kwamba kusifu ukuta mweupe ni kurudia kasumba, kwa kuwa nyumba za maofisa wa kikoloni nazo zilikuwa nyeupe, na kwamba Uafrika ni wingi wa rangi. Hoja hiyo ina nia njema, lakini haina msingi. Chokaa ya pwani ilitangulia ukoloni wa Waingereza na Wajerumani kwa karne nyingi. Kwa upande mwingine, kitenge tunachokiita chetu kina asili ya safari ndefu: mafundi wa Uholanzi waliiga batiki za Java katika karne ya 19, kisha nguo hizo zikapata soko Afrika. Kanga nayo ilizaliwa katika biashara ya Bahari ya Hindi, na kwa miaka mingi ilichapwa Ulaya, India na Japani kwa ajili ya wanawake wa huku, kabla ya viwanda vyetu kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Je, kanga si yetu? Ni yetu, kwa kuwa wanawake wa pwani ndio waliokuwa wakiikubali na kuikataa, na mchapaji wa mbali alilazimika kufuata hukumu yao. Hivyo kitu huwa cha taifa kwa hukumu ya wanaokitumia. Na mahali hukumu hiyo isipoulizwa, kama fundi asivyomwuliza mama, ndipo utamaduni unapopungua, hata chumba kikiwa kimejaa vitu vya kienyeji.

Wala hatusemi kwamba kila ukuta uwe mweupe. Ukuta wa udongo mwekundu, ulioachwa katika rangi yake, huipokea vizuri kanga nyeusi na nyeupe. Batiki ya samawati iliyokolea hukaa kwa amani mbele ya manjano hafifu. Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi: tazama nguo, uitafute rangi iliyo ndogo na tulivu kuliko zote, kisha umwambie fundi aipunguze kwa nyeupe na kuipaka ukutani bila mng’aro. Rangi kubwa ya nguo iachiwe nguo. Tena sababu ya kuanza na nguo ni ya kazi pia: rangi ya kopo huweza kuchanganywa mpaka ikafikia kiasi unachotaka, lakini kanga haichapwi upya.

Jambo jingine la kuangaliwa ni namna ya kuitundika. Kanga ikikunjwakunjwa dirishani, mji huvunjika na jina humezwa katika mikunjo. Ikikatwa kwa ajili ya mito, pindo hupotea, na maneno hubaki nusu. Kitenge, ambacho maua yake hurudiarudia bila mwanzo wala mwisho, huvumilia kukatwa. Kanga haivumilii. Anayetaka kuiweka ukutani aitandaze nzima, na kuuacha ukuta mtupu kuizunguka.

Yatupasa pia kukiri kosa letu sisi tunaoandika. Tumeihakiki kanga mara nyingi kwa upande wa jina lake, tukayachambua maneno kama fasihi, nasi tukaipita rangi kimya kana kwamba ni karatasi tu ya kuandikia. Lakini mnunuzi dukani husoma na kuona kwa pamoja, na jina zuri juu ya rangi mbaya mara nyingi hulirudisha rafuni. Uhakiki unaosoma nusu ya kazi umewapa wanafunzi nusu ya elimu.

Shule zaweza kuanza kurekebisha jambo hili bila gharama. Mwalimu awaombe wanafunzi walete kanga moja kutoka nyumbani, aitandaze mbele ya karatasi za manila za rangi mbalimbali, moja baada ya nyingine: nyeupe, kijani, waridi, kahawia. Wanafunzi waandike wanachokiona kikibadilika katika kanga ile ile. Kisha kila mmoja arudi nyumbani amwulize mama, shangazi au bibi yake kwa nini aliichagua kanga hiyo na kuziacha nyingine, naye ayaandike majibu kama alivyoyasikia. Tuna hakika majibu hayo yatakuwa na maarifa ya rangi yasiyopatikana katika kitabu chochote cha darasa. Na siku fundi atakapokuja na brashi yake, huenda mwanafunzi huyo akawa wa kwanza kusema, “Subiri kwanza, mama aulizwe.”