Ardhi Yenye Masharti

Kuna michezo inayochezwa kwa maneno. Watu wanne watano huizunguka meza. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu huamua pale bahati inapotakiwa kusema. Unaojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Katika kazi zote za msimulizi wa mchezo wa namna hii, ninayoienzi zaidi ni ile ya kuipa ardhi nguvu zake: mto, mlima na udongo vikatenda maajabu yasiyotumwa na mchawi yeyote.

Ufundi huu ni mgumu. Msimulizi mwenye pupa humwaga maajabu kama mvua ya mawe, miti ikasema, mawe yakaruka, na baada ya saa moja hakuna anayeshtuka. Ajabu ya ardhi hunoga ikiwa na masharti. Ina mahali pake, ina jambo inalolidai, na mtu makini anaweza kuisoma. Kwa somo hilo sijui shule iliyo bora kuliko wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania.

Wairaqw wa Mbulu wamesimulia tangu zamani habari za netlangw, roho wanaokaa kwenye chemchemi na mito. Kwa masimulizi hayo, anayekwenda kuchota maji anafika kwa mwenyewe. Sasa tuseme wahusika wetu wamefika kwenye chemchemi, pembezoni mwa msitu kama ule wa Nou, kiangazi kimekaza. Mmoja wao amemzika ndugu yake juzi. Anainama, anazamisha kibuyu, kinatoka kikavu. Wenzake wanachota, vibuyu vyao vinajaa. Msimulizi ananyamaza. Wachezaji wanatazamana, wanaulizana nani kafanya nini njiani, mpaka mmoja anakumbuka msiba. Hapo mchezo umekolea, na hakuna upanga uliochomolewa.

Sharti hilo lina asili yake. Wairaqw walikuwa na metimani, desturi ya kuitenga kaya iliyopatwa na jambo zito kama kifo, isichangamane na majirani mpaka muda wake uishe. Msimulizi amelichukua wazo hilo akalipeleka majini. Kwa kuwa lilikwishaishi miongoni mwa watu, wachezaji wanalihisi kuwa kweli kabla hata ya kulielewa.

Upande wa Hanang, Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, humzika mzee wa heshima kubwa kwa mazishi yaitwayo bung'ed. Mazishi hayo huchukua miezi, na juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalitanda juu ya malisho yao, na baadhi ya makaburi hayo yakalimwa. Anayejua historia hiyo ana haja gani ya zimwi? Mchezoni, ngano inaota ikiwa imeinamia upande mmoja. Ng'ombe wanafika mahali fulani wanagoma. Wahusika hawana adui wa kumpiga. Inawabidi wautafute ukoo, waulize jina la mzee, warudishe udongo kwa mikono yao.

Na dawa ya ardhi isiwe ya shujaa mmoja aliyebahatika na dadu. Katika slufay, dua ya kishairi ya Wairaqw, mzee hutamka na waliokusanyika huitikia kwa pamoja. Utaratibu huo unaingia mezani vizuri sana: kila mchezaji atoe mstari wake, wenzake waitikie, na atakayenyamaza aipunguzie dua nguvu.

Ufundi huu una mipaka pia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Msiba huo si wa kuchezewa. Vivyo hivyo, mahali ambapo watu bado wanaomba pasigeuzwe uwanja wa vita vya kubuni. Msimulizi achukue kanuni, mahali penyewe apaache na wenyewe.

Kijana wa Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu unayetaka kuendesha mchezo, usianze na vitabu vya kanuni kutoka ng'ambo. Anza na bibi au babu. Muulize ni wapi hapakatwi mti, na kwa nini. Msikilize mpaka amalize, muombe ruhusa, ndipo utunge.