Ni Nani Amwindiaye Simba? Kuvipima Vitabu vya Joy Adamson Tukiwa Mara

Vitabu vitatu vya Joy Adamson juu ya simba jike Elsa, vilivyotoka kati ya mwaka 1960 na 1962, vimesomwa duniani kote kama habari ya upendo kati ya binadamu na mnyama. Sisi tulio na sharika wilayani Serengeti na Tarime yatupasa kuvipima kwa mizani nyingine, maana mwisho wa habari hiyo ulitendeka kwetu.

Mwaka 1956, kaskazini mwa Kenya, George Adamson alimwua simba jike aliyemshambulia, kisha akawakuta watoto wake watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa nyumbani, na baadaye akarudishwa porini. Alipokufa Januari 1961, watoto wake, waliokwisha kuzoea nyama ya kupewa, walivamia mifugo ya wanavijiji, na mmoja wao, Jespah, akachomwa mshale. Mwaka huohuo walihamishiwa Hifadhi ya Serengeti.

Sifa ya mwandishi ni kwamba hayafichi hayo. Anakiri pia kwamba simba si kitu cha kuchezea, na kwamba uhuru wake una gharama. Lakini huzuni ya vitabu hivi ina upande mmoja. Jespah ana jina na tabia; mwenye mbuzi hana. Nabii Amosi, aliyekuwa mchungaji, hakusahau upande huo: katika 3:12 anamtaja mchungaji aokoaye kinywani mwa simba miguu miwili tu, au kipande cha sikio. Kwa Mkurya, ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya mji. Kifuta machozi cha serikali hakirudishi yote hayo.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Vitabu hivi viliwafanya wasomaji wengi watamani kumpakata mtoto wa simba. Afrika Kusini tamaa hiyo imekuwa biashara: simba wanaokadiriwa kuzidi 8,000 wamefugwa ndani ya nyua. Watoto huondolewa kwa mama zao mapema ili wageni walipie kuwashika na kuwanywesha maziwa. Wakikua, wengine hupigwa risasi humohumo uani na wawindaji waliolipa, na mifupa yao huuzwa Asia. Mwaka 2017 serikali iliruhusu mifupa ya simba 800 isafirishwe. Mwaka 2019 mahakama ikatamka kuwa kibali hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2021 Waziri Barbara Creecy akatangaza nia ya kuikomesha biashara hiyo.

Hatusemi kwamba Adamson ndiye mzazi wa biashara hiyo. Yeye alitaka simba awe huru. Hata hivyo, mlezi mwenye huruma na mfugaji mwenye faida wanakutana penye swali moja, lile ambalo Mungu anamwuliza Ayubu (38:39): je, yeye ndiye amwindiaye simba mawindo? Wote wawili wamejibu, "Ndiyo." Zaburi 104:21 inajibu vingine: wana-simba hutafuta chakula chao kwa Mungu. Utawala wa Mwanzo 1:28, basi, hauwezi kuwa ruhusa ya kumgeuza simba kuwa mtoto wetu, wala bidhaa yetu.

Tunawashauri wanafunzi wakisome kitabu cha tatu pamoja na Amosi na Ayubu, kabla hawajatumwa Mugumu au Tarime. Huko watamkuta mtu aliyepoteza ng'ombe usiku, naye atauliza kama Mungu anamjali simba kuliko yeye. Kitabu hiki hakimjibu. Mchungaji hana budi kumjibu.